Picha Zilizorudishwa kwa Kosa la Furaha

Kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna hata picha moja aliyoipiga Bwana Ndita iliyowahi kurudishwa na dirisha namba tatu. Hilo si jambo dogo. Dirisha namba tatu la ofisi ya vitambulisho lilikuwa na mkaguzi mwenye kioo cha kukuzia, mama mmoja mkavu ambaye watu walimwita Bi Lenzi, na huyo mama alirudisha picha za watu kama vile ameweka nadhiri. Masharti yalibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mdomo ufungwe, macho yatazame mbele, masikio yote mawili yaonekane, na mtu asicheke. Ukicheka, picha inagongwa mhuri mwekundu wa IRUDIWE, nawe unarudi mwisho wa foleni ukaanze upya.

Kwa Bwana Ndita hakuna aliyecheka. Ofisi ilimpa chumba ndani ya ua wake, kwa sharti moja tu, kwamba picha zake zisiwe na walakini. Kilikuwa chumba chembamba chenye shuka jeupe ukutani, stuli isiyo na mgongo, taa mbili, na printa iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi. Mteja akishakaa, Bwana Ndita aliinua kichwa juu ya kamera na kumtazama. Basi, kazi imekwisha. Jina la Ndita hakupewa na wazazi wake, alipewa na mikunjo mitatu ya kipaji cha uso wake, ambayo haikuwahi kukunjuka hata usingizini. Wachumba waliingia humo wanachekeana, wakimwona tu midomo inajifunga yenyewe. Kichanga mmoja aliyekuwa akilia tangu getini alinyamaza ghafla, akajikaza kama karani mbele ya mkurugenzi, na picha yake ikapita bila swali.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mkewe, Mama Pacha, aliolewa akiwa binti wa kucheka mpaka anashika mlango asianguke. Mwaka wa kwanza alimsimulia mumewe vichekesho. Mwaka wa pili alimsimulia jirani. Kufikia mwaka wa tano alikuwa anafungua bomba la jikoni kwanza ndipo acheke, ili maji yazibe sauti. Wale pacha wenyewe waliolewa mbali, wakawa wanapiga simu kila wiki, na baba yao aliwajibu "haya" mara tatu kisha akampa mama yao simu.

Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Hakulewa, hakutukana, na nyumba haikukosa mahitaji. Alikuwa na huzuni tu, tena aliijua, na alijaribu kuitafutia dawa. Alifuga njiwa, akawa anarudi nyumbani macho yanang'aa. Baada ya wiki tatu njiwa wakaruka wasirudi. Alinunua gitaa, likamfurahisha mwezi mzima, mpaka alipogundua kwamba hawezi kulipiga. Alijiunga na kikundi cha kukimbia asubuhi, siku ya nane akateguka kifundo cha mguu. Kila mara Mama Pacha alijisemea moyoni, afadhali, sasa mume wangu amepona. Na kila mara ndita zilirudi zimeongezeka kina. Baada ya mbio hizo aliacha kutumaini, maana kutumaini kulikuwa kunamuumiza kuliko kununiwa.

Sasa, Jumapili moja kanisa la mtaa wa nyuma lilimkodi apige picha za ubatizo. Kanisa hilo lilikuwa na bwawa lililochimbwa mbele, chini ya mimbari, lenye ngazi za kushukia. Watu kumi na wanne walibatizwa, wakatoka wanatiririka maji, wakapangwa mstari mmoja na kwaya nzima kwa ajili ya picha ya pamoja. Bwana Ndita, kwa mazoea ya kazi, alitaka masikio ya wote yaonekane.

"Sogeeni," akawaambia, huku yeye akirudi nyuma. "Wewe mwenye kilemba, geuka kidogo."

Akarudi tena nyuma. Watu wakaanza kupiga kelele, "Baba! Baba!" Yeye akaona ni utovu wa nidhamu, akanyoosha mkono kuwanyamazisha, akapiga hatua moja zaidi, akatumbukia bwawani mzimamzima. Kilichobaki juu ya maji kilikuwa mkono mmoja umeinua kamera, kavu kabisa.

Mchungaji, ambaye alikuwa bado hajatoka majini, alimshika kola akamsimamisha.

"Karibu," akamwambia. "Lakini hukuwa kwenye orodha."

Kanisa lilicheka mpaka mpiga kinanda akashindwa kuendelea. Bwana Ndita akavuliwa nguo nyuma ya pazia, akavishwa joho la kwaya, tena la upande wa akina mama, likamwishia magotini. Suruali yake ikaanikwa kwenye uzio. Alitaka kukimbia, lakini mtu atakimbiaje bila suruali? Wakamketisha benchi la mbele, amekunja ndita zote tatu, na ndivyo alivyosikiliza mahubiri kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

"Wengi wenu," mchungaji alisema, "mnadhani Mungu akiwaona ananuna. Mnadhani anawachunguza apate kosa awarudishe. Ndugu zangu, Yesu alikufa kwa ajili yenu kabla hamjajirekebisha hata kidogo. Deni la dhambi ameshalimaliza. Ukimjia, Mungu akikuona, uso wake unakunjuka!"

Maneno hayo yalimwingia Bwana Ndita kama yameandikiwa yeye. Nyuso ndizo kazi yake, na maisha yake yote aliamini kwamba mbinguni kuna Bi Lenzi mkubwa zaidi mwenye kioo kikubwa zaidi. Baba yake mzazi alikuwa akimtazama kama kiatu kilichopoteza mwenzake, na hakukumbuka uso wowote uliowahi kukunjuka kwa sababu yeye ameingia mlangoni. Ibada ilipokwisha, suruali ilikuwa imekauka, lakini hakwenda kuichukua. Alimfuata mchungaji ofisini, magoti wazi.

"Mchungaji, ulichosema kuhusu uso wa Mungu, una uhakika?"

"Ninao."

"Hata kwangu mimi? Mimi huyu?"

Mchungaji akamtazama kuanzia ndita hadi magotini. "Wewe huyuhuyu," akasema, "pamoja na hilo joho."

Wakapiga magoti. Bwana Ndita alitubu, akalia kwa sauti mbaya sana, kwa kuwa hakuwa na mazoezi. Alipoinuka alikuwa mwepesi, na kipaji chake, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, kilikuwa laini kama cha mtoto.

Alifika nyumbani bado amevaa joho, suruali ameibeba mkononi.

"Mama Pacha, nimeokoka!"

"Huna suruali," mkewe akasema.

"Sina suruali na nimeokoka. Mke wangu, Mungu ananifurahia! Huwezi kuamini!"

Kweli, hakuamini. Alimtazama yule mwanamume anayecheka sebuleni kwake na magoti yake yamejaa vumbi, akaingiwa na hofu. Alikuwa mzuri akicheka, huyu bwana. Hilo ndilo lililokuwa baya.

"Nakuomba kitu kimoja, Baba Pacha," akasema polepole. "Usinifanye nizoee. Njiwa walikaa wiki tatu. Gitaa, mwezi. Mimi nikizoea halafu uniondolee, safari hii sitasimama tena."

Mtu aliyeokoka tangu saa sita mchana atatoa dhamana gani?

Jumatatu matatizo yakaanza. Mteja wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki, jitu lenye shingo ya fahali. Alikaa kwenye stuli, Bwana Ndita akainua kichwa juu ya kamera, akamtazama, akawaza, Mungu anamfurahia hata huyu, na uso wake ukachanua. Mlinzi naye akachanua. Haikuwezekana kuuangalia uso ule na kubaki umenuna. Jioni bahasha ilirudi kutoka dirisha namba tatu ikiwa na picha kumi na moja zilizogongwa mhuri mwekundu. Jumanne zikawa kumi na tisa. Jumatano Bi Lenzi alikuja mwenyewe, kioo mkononi.

"Huyu anacheka."

"Hapana, mama, mdomo ameufunga."

"Mdomo ameufunga, macho yanacheka. Na huyu je? Shavu hili linafanya nini huku juu? Na huyu bibi, ana miaka themanini, anachekea nini?"

"Nilimwambia tu habari njema."

"Habari njema aambiwe nje," Bi Lenzi akasema. "Picha zikiendelea kurudi, mwisho wa mwezi nachukua ufunguo wa chumba hiki. Sheria ni sheria."

Basi Bwana Ndita akajitahidi kununa, kazi aliyoifanya miaka yote bila jasho. Alijifinya paja. Alikumbuka jino lililong'olewa bila ganzi. Alijifunika kitambaa cheusi kichwani, wateja wakacheka zaidi. Alichukua boksi la karatasi, akalichora ndita tatu, akalivaa. Mwalimu mkuu mmoja mwenye heshima zake alianguka kutoka kwenye stuli kwa kicheko. Akafika mahali pa kuomba ombi ambalo sidhani kama limewahi kufika mbinguni kabla yake. "Bwana," alisema, "nakushukuru kwa furaha hii, ila nipunguzie kidogo, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, siku za kazi tu. Amina." Hakupunguziwa.

Mama Pacha aliyaona haya, akafanya hesabu yake. Chumba kikienda, furaha itaondoka nacho, na atakayebaki ni yule wa zamani. Akafunga kitenge kiunoni, akaenda naye kazini.

"Nitasimama nyuma ya kamera," akasema. "Wewe inama, usionekane. Watanitazama mimi."

Ilikuwa dawa. Uso wa Mama Pacha ulikuwa na ukimya ambao mtu akiutazama anakumbuka mambo yake yote aliyoyaacha bila kumaliza. Wateja walikaa kama magogo. Bahasha ya jioni ikawa haina kitu, siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima. Hata Bi Lenzi alisikika akisema kwamba chumba kile kimepata uongozi.

Lakini Bwana Ndita, aliyeinama chini ya kamera, alikuwa akiona kitu kingine. Miaka yote alikuwa ametazama nyuso za wateja kwa makini, asione uso wa mkewe. Sasa alikuwa nao saa nane kwa siku. Alifahamu nyuso, na ule alijua umetengenezwa na nani. Siku ya tisa alishindwa. Alikuwapo kwenye stuli askari mstaafu, kidevu juu, anasubiri kupigwa picha.

"Mama Pacha," Bwana Ndita akasema, akisimama. "Sura hiyo hukuja nayo kwangu. Nilikuoa unacheka. Nimekunyamazisha miaka ishirini na mitatu, na sasa naitumia huzuni yako kulinda chumba changu. Naomba unisamehe."

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Askari mstaafu akakohoa.

"Niwasubiri nje?"

"Kaa hapohapo, mzee, masikio yaonekane," Mama Pacha akasema, bila kumwangalia. Kisha akamgeukia mumewe. "Msamaha nimekupa. Lakini hilo jambo lako litachuja, Baba Pacha. Yote huchuja."

"Njiwa nilinunua mwenyewe, ndiyo maana niliwapoteza. Hii sikununua. Nimepewa, na anayeishika ni Yeye."

"Tutaona," mkewe akasema, akarudi mahali pake nyuma ya kamera, na kazi ikaendelea.

Ikafika siku ya mwisho ya mwezi. Saa tisa alasiri, foleni imekwisha, mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Lenzi. Kitambulisho chake mwenyewe kilikuwa kimemaliza muda, na sheria, kama tujuavyo, ni sheria. Akakaa kwenye stuli, akajiangalia kwenye kioo kidogo, akasukuma nywele nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, akarudia la kulia. Mama Pacha akasimama mahali pake. Wanawake wawili wakatazamana, na chumba kikapoa.

Ila Bi Lenzi, kwa mazoea ya jicho lake, aliona midomo ya Bwana Ndita ikitikisika chini ya kamera.

"Unasema nini huko chini?"

"Si kitu, mama."

"Nimekuona. Unanisema."

"Nakuombea," Bwana Ndita akakiri. "Huwa nawaombea wateja wote."

"Unaniombea nini?"

Angeweza kudanganya, lakini alikuwa mlokole wa wiki nne tu na alichukulia mambo kwa uzito. "Naomba Mungu akujaze furaha, mama," akasema. "Ila baada ya picha."

Mama Pacha alijaribu. Kwa haki ya Mungu alijaribu, aliuma mdomo, akatazama dari. Halafu kikamtoka kile kicheko cha usichana, chote kwa pamoja, bila bomba la kukiziba, akashika mlango asianguke. Bi Lenzi alishtuka, akafungua kinywa ili akemee, na badala ya kukemea akakoroma kwa kicheko. Kidole cha Bwana Ndita kikabonyeza chenyewe.

Printa ikakohoa, ikatoa picha ya mwanamke mzuri mwenye meno yote nje. Bi Lenzi aliichunguza kwa kioo chake muda mrefu kuliko alivyowahi kuchunguza picha ya mtu. Kisha akatoa mhuri mkobani, akagonga IRUDIWE. Wakapiga tena. Akikaa tu, akimwona Mama Pacha, anakumbuka, na shavu linapanda. Picha ya pili ikagongwa mhuri, ya tatu, ya nne, ya tano.

"Chumba hiki," Bi Lenzi akasema hatimaye, akifuta macho, "hakifai kwa picha rasmi. Naomba ufunguo."

Hakuwa anatania. Alichukua ufunguo. Ila ile picha ya kwanza hakuitupa pamoja na nyingine, aliiweka ndani ya kitabu chake cha simu, akaondoka haraka.

Walirudi nyumbani wamebeba taa, shuka, printa na stuli. Njia nzima Mama Pacha alijilaumu. Ni yeye aliyecheka. Ni kicheko chake kilichokula chumba, na sasa alijua kinachokuja, kama mtu anavyojua mvua kwa goti. Bwana Ndita alikula kidogo, akajilaza mapema, akageukia ukutani.

Asubuhi Mama Pacha aliamka, jua limeshaingia dirishani, akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Hakufungua mlango. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasikiliza, kwa sababu ndita za mumewe alizijua hata kwa sauti: kandambili zikiburuzwa, kiti kikivutwa, pumzi ndefu. Akasikia kiti. Akasikia pumzi ndefu. Akafumba macho, akajisemea, haya, ndiyo hiyo, imekwisha.

Ndipo akamsikia akisema, si na mtu wa nyumbani.

"Bwana, naogopa," mumewe alisema. "Chumba kimekwenda. Sijui hata hii stuli niiweke wapi. Jana nimekosa usingizi kwa huzuni, na unajua." Akavuta kamasi, akalia kidogo kwa ile sauti yake mbaya. Mama Pacha akashika shuka. "Lakini Wewe bado unanitazama vilevile, eh? Hata leo? Sina kazi, sijanawa uso, na bado unanifurahia?"

Akacheka. Alicheka peke yake, taratibu, machozi bado yapo, sebuleni pasipo na mteja wala mchungaji wala mke wa kuonyeshwa.

Mama Pacha hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Furaha za mumewe zote alizozijua zilikufa siku zilipokosa cha kuzishikilia. Hii ilikuwa imenyang'anywa kila kitu jana saa kumi, na leo ipo, imekaa kwenye stuli sebuleni, haijanawa uso. Akainuka, akafungua mlango, akaenda akasimama mbele yake.

"Sogea," akamwambia.

Bwana Ndita akasogea. Stuli ilikuwa ya mtu mmoja, wakabanana, nusu nusu.

"Mwambie na mimi nipo hapa."

"Mwambie mwenyewe, anasikia."

"Nianzeje?"

"Anza unavyotaka. Sema lililo moyoni."

Mama Pacha akafumba macho, akakohoa, akaanza. Lililokuwa moyoni lilikuwa mumewe. Alimweleza Mungu juu ya miaka yote ya "haya". Alimweleza juu ya kucha ambazo huyu bwana hukatia kitandani, na taulo mbichi anazotundika mlangoni, na siku ile alipokwenda harusi ya binti zao akapiga picha zote mia mbili bila kumwambia mtu hata mmoja atabasamu. Alimweleza jinsi alivyokuwa mpweke, na hapo sauti ilikatika, akalia, kisha akaomba yeye naye asamehewe, kwa uchungu aliokuwa ameufuga, kisha akakumbuka soksi ambazo huyu bwana huziacha chini ya kitanda, akaanza kulalamika upya. Jua likapanda. Mahali fulani katikati ya soksi alianza kucheka, na hakuacha kuomba, akawa anafanya yote mawili.

Bwana Ndita akajikuna. "Mke wangu, hizo soksi nilikueleza kwamba..."

"Nyamaza wewe," Mama Pacha akasema, macho amefumba, uso wake wote umekunjuka. "Siongei na wewe."